Uso wa Santuri

Mwalimu alikuwa amestaafu ualimu, lakini ualimu ulikuwa haujamstaafu yeye. Alisahihisha mabango ya maduka, tangazo la kukatika kwa maji lililobandikwa getini, salamu za majirani, hata sala za watu alizisikiliza huku ametega sikio kwenye ngeli. Shuleni wanafunzi walimwita Wino Mwekundu. Alilijua jina hilo na hakulichukia, maana aliona kwamba hapo angalau walikuwa wamelinganisha kivumishi na nomino yake.

Asubuhi hiyo alikuwa ameketi kwenye meza ya kulia chakula na kompyuta mpakato yake mbele yake. Mahali pa kusomea santuri pamegoma. Trei haifunguki, na ukibonyeza kitufe unasikia mkwaruzo mdogo ndani, kama panya katikati ya karatasi, kisha kimya. Watu wengine wote nyumbani waliita mashine hiyo laptop, na santuri wakaziita sidii. Yeye hakuwaiga. Kwa maoni yake mtu akishazoea kusema sidii hakuna kitu kingine atakachokionea haya.

Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi. Fundi huyo alikuwa na kibanda karibu na stendi, na juu ya mlango bango kubwa la rangi ya samawati: TUNATENGENEZA LAPTOP NA VIFO VYAKE. Mwalimu alisimama chini ya bango lile akalisoma mara mbili, akitumaini kwamba macho yake ndiyo mabovu. Fundi hakuinua hata kichwa. Alibonyeza kitufe, akasikiliza, akasema, "Draivu imekufa, mama. Na siku hizi nani anatumia sidii?" Mwalimu alimpandisha na kumshusha kwa macho, akaifunga mashine yake, akaondoka bila kuaga. Mtu asiyejua tofauti ya vifaa na vifo hawezi kumwambia yeye nini kimekufa.

Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani neno lile lilimfuata, maana kama kweli draivu ilikuwa imekufa, alikuwa amepotelewa na jambo ambalo hakuthubutu kumwambia mtu.

Mumewe alifariki mwaka uliopita. Picha zake zilikuwepo, zilijaza albamu, na katika zote amefumba mdomo. Hakuwa mtu wa simu. Akipiga alisema "nakuja," akakata. Sasa, hivi karibuni, Mwalimu alikuwa akifua nguo uani, akataka kukumbuka jinsi Mzee alivyokuwa akimwita kutoka chumbani akipoteza miwani. Sauti haikuja. Maneno yalikuja, lakini yalikuja kwa sauti yake yeye mwenyewe, ile ya kuita mahudhurio. Alijaribu tena, ikawa vilevile. Aliziacha nguo kwenye beseni akaenda kukaa ndani, na kusema kweli aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya mazishi.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Mzee aliwahi kurekodiwa akisema maneno yanayozidi sentensi mbili. Ni kwenye santuri ya harusi ya mwana wao. Na santuri hiyo Mwalimu hakuwahi kuitazama. Hata harusini hakwenda.

Mwana huyo alikuwa wa pekee, mpima ardhi, mwenye shahada yake imetundikwa ukutani sebuleni. Na baada ya kusomeshwa kote huko akamleta nyumbani msusi wa nywele. Siku ya kwanza tu ya kutambulishwa, msichana aliingia, akasalimia vizuri, akageuka mlangoni akasema, "Samahani, nimesahau kuvua viatu zangu." Mwalimu aliweka kikombe chini. Viatu zangu! Hakukinyanyua tena mpaka mgeni alipoondoka. Ilipofika siku ya harusi alijilaza kitandani akasema mguu unamuuma, akakataa hata kumpigia mumewe koti pasi. Mzee hakugombana. Alivaa koti lake na makunyanzi yake akaenda. Video ilipoletwa na watu wakajazana sebuleni kuitazama, Mwalimu alisimama mlangoni akatangaza kwamba yeye hataitazama mpaka anaingia kaburini, kisha akaenda kulala. Kiapo cha kimya mtu anaweza kukimeza kimya. Chake kilisikika hadi kwa majirani.

Kwa hiyo asingeweza kusema, "Naomba santuri ya harusi yenu." Afadhali ulimi ukatike. Ilibidi kwanza mashine ipone, na kisha santuri ijilete yenyewe.

"Wewe, msichana!" aliita.

Mkamwana alikuwa kibarazani anamsuka mteja. Tangu Mzee afariki yeye na mumewe walihamia hapo ili mama asikae peke yake, jambo ambalo mama hakuwahi kuliomba na alilikumbusha mara kwa mara. Aliingia na kitana kimechomekwa kichwani.

"Niletee kitu chembamba chenye ncha. Kigumu. Usiniletee kijiti cha meno."

Msichana alileta sindano ndefu ya kushonea nywele. Mwalimu alishampigia simu mwanawe, naye mwanawe alikuwa porini na vigingi vyake, upepo unavuma kwenye simu, akasema pembeni mwa trei kuna kitundu kidogo, uchomeke kitu ubonyeze. Mwalimu alichomeka. Trei ikatoka, imekaa upande, ikamwonyesha ulimi.

"Aliyeibuni hii," Mwalimu alisema, "aliona ni akili kuficha mlango wa dharura kwenye tundu la sisimizi. Haya. Sasa niletee santuri yoyote, nipime kama inasoma."

"Sidii?"

"Santuri."

"Zipo za nyimbo, mama, na ile ya kufundishia mitindo ya nywele."

"Nyingine."

"Kwani za kupimia si yoyote tu?"

"Mitindo ya nywele ni kitu cha kupimia mashine? Inatakiwa yenye watu wanaosema. Kipimo lazima kiwe na sauti. Akili zako huwa unazisukia wateja au? Na chai yako hii hapa, inapoa tangu saa ngapi? Kunywa, usije ukazimia mbele ya watu wakasema nakulaza njaa." Alikisukuma kikombe mbele yake.

Mkamwana alifanya kile alichokifanya kila mara akikaripiwa, kitu kilichomkera Mwalimu kuliko uvivu, kuliko hata ngeli. Aliinamisha macho akamtazama mikono. Hakutazama sakafu, ambako wanafunzi wenye adabu hutazama, wala dirishani, ambako hutazama wajeuri. Mikono. Miaka yote hii, ukimfokea anatazama mikono yako kama anayesubiri umpe kitu. Mwalimu alishaamua kwamba ni aina ya upungufu.

"Yenye watu wanaosema ni moja tu," msichana alisema baada ya kunywa. "Ya harusi yetu."

"Basi ilete hiyo hiyo. Sina haja nayo. Ni kipimo."

Ililetwa kwenye bahasha ya plastiki, imefungwa ndani ya kitambaa safi. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: HARUSI YETU. Mwalimu aliitoa, akaipachika kwenye trei, akasukuma. Ikazunguka, ikavuma, ikakwama. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno ya kumtaka aingize santuri.

"Nimeingiza!" alikiambia kioo.

Akampigia tena mpima ardhi.

"Mama, safisha lenzi. Ni kajicho kadogo pale kwenye trei. Pamba na spiriti kidogo, taratibu."

"Kajicho. Shahada nzima, unaniambia kajicho."

"Jicho dogo, mama."

Alisafisha. Pamba ilitoka na weusi, na kwa muda mfupi alijisikia vizuri, maana uchafu aliuelewa. Akapachika tena. Ikazunguka, ikavuma, ikakwama.

"Zima, washa."

Alizima, akawasha. Alimwambia mwanawe kwamba hiyo si elimu, ni ramli. Ikazunguka, ikakwama.

"Mama, umeiweka uso juu?" Upepo ulikuwa unamla maneno.

"Uso uko juu."

"Una uhakika? Uso ndio uwe juu."

"Nimesema uso uko juu! Mimi ndiye niliyekufundisha neno uso."

Mkamwana, ambaye alikuwa bado amesimama na kikombe chake, aliinama kidogo kutazama trei. "Kwani mama, uso wake ni upi?"

Hapo Mwalimu aliweka simu mezani, ikiwa hewani, ili mwanawe naye afaidike. "Uso," alisema, "ni upande unaong'aa. Uso ndio unaooshwa, ndio unaopakwa mafuta, ndio unaong'aa. Ule wa pili wameuandika jina. Wewe ulishaona mtu ameandikwa jina usoni? Jina huandikwa mgongoni, kama jezi ya mpira. Kwa hiyo huu wenye maandishi ni mgongo, na mgongo unalala chini. Umeelewa?"

Msichana alimtazama mikono. "Nimeelewa, mama."

"Hallo? Hallo?" ilisema simu, kisha ikakatika.

Mteja aliita kutoka kibarazani, kichwa chake nusu kimesukwa na nusu kimesimama, na mkamwana akarudi kazini. Mwalimu alibaki peke yake na mashine. Aliitoa santuri, akaipuliza, akairudisha, uso juu. Ikakwama. Akaitoa akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akairudisha. Ikakwama. Aliidharau mashine, akamdharau aliyeiuza, akamdharau mwanawe na vigingi vyake. Lakini dharau zilikuwa zinamwishia, na chini yake kulikuwa na yule fundi asiyeinua kichwa, akisema imekufa, mama. Huenda ni kweli. Huenda mtu anaweza kuandika upuuzi juu ya mlango wake na bado akawa amesema kweli. Basi Mzee angebaki kuwa mtu wa picha, mdomo umefumbwa, na yeye angezeeka akimkumbuka kwa sauti ya mahudhurio. Machozi yalimjaa, akayakasirikia.

Aliinyanyua santuri kwa mara nyingine. Upande unaong'aa ulikuwa umemwelekea, na humo akajiona. Aliona midomo iliyobetuka na kipaji cha uso kilichokunjwa. Ndivyo alivyokuwa akiwatazama watoto wa watu tangu ujana wake, na bila shaka ndivyo alivyomtazama Mzee asubuhi ile ya harusi, kutoka kitandani, akiwa anatafuta pasi peke yake. Hakuweza kuvumilia kuutazama uso huo. Aliigeuza santuri ili asijione, akaiweka kwenye trei hivyo hivyo, maandishi juu, akaisukuma ndani aachane nayo.

Ikazunguka. Ikavuma. Haikukwama.

Mwalimu alitazama kushoto na kulia, kama mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Hakuna aliyemwona. Alipunguza sauti ili isifike kibarazani, akaisogelea meza.

Harusi yenyewe ilikuwa vile alivyotarajia. Mshereheshaji alisema "wageni wetu mashuhuri walioweza kuhudhuria mahudhurio haya," na Mwalimu akafumba macho kwa uchungu. Maua yalikuwa ya plastiki. Mpiga picha alipenda sana feni ya darini, akairudia rudia. Bibi harusi alikuwa anacheka muda wote huku anatazama mlangoni, na Mwalimu alishangaa anamsubiri nani, mpaka alipoiona meza ya wazazi. Mzee alikuwa amekaa, koti limekunjamana mabegani. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, naye alikuwa ameweka kofia yake juu yake mtu asije akakikalia.

Wakamwita. Akasimama, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi si msemaji," alisema Mzee.

Ilikuwa nzito kuliko Mwalimu alivyodhani, na ilikuwa na mkwaruzo mwishoni mwa kila neno ambao alikuwa ameusahau kabisa. Aliweka kiganja mdomoni. Alimpenda mtu yule. Alikuwa amemsahihisha maisha yake yote na alimpenda.

"Msemaji kwetu ni mke wangu," Mzee aliendelea, "naye leo mguu umemshika, angekuwa hapa. Lakini amenituma. Nimekuja na maneno yake, si yangu."

Mwalimu aliondoa kiganja mdomoni. Hakuwa amemtuma kitu. Asubuhi ile aligeukia ukuta.

"Amesema, mwambie huyo binti akija kwangu amekuja kwake. Na amesema, mimi nina mdomo mkali, najijua. Kwa hiyo siku nikimsema vibaya, asisikilize mdomo. Aangalie mikono zangu. Mikono zangu ndizo zitamwambia kama nampenda." Mzee alikitupia jicho kile kiti kitupu. "Ndivyo alivyosema. Asanteni." Akakaa, akaichukua kofia, akaishika mapajani.

Mwongo mkubwa wewe! Mwongo, mbele ya watu wote hao, kwenye kipaza sauti, bila haya. Hasira ilimjia Mwalimu pamoja na kitu kingine alichoshindwa kukisahihisha. Kwa hiyo ndiyo sababu. Miaka yote hii msichana alikuwa hatazami mikono kwa upungufu. Alikuwa anafuata maagizo. Ukimwita mzembe, anatazama mikono, na mikono inamsukumia kikombe cha chai. Alipougua homa mdomo ulimlaumu kutwa kwa kutembea kwenye mvua, na mikono ikamkanda kwa kitambaa cha maji. Alikuwa anasikiliza huku, anasoma kule. Mwalimu, aliyefundisha watu kusoma, hakuwahi kugundua kwamba anasomwa.

Alisikia mtu anapumua nyuma yake. Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni, kitana mkononi, vidole vimejaa mafuta ya nywele. Hajulikani alifika lini. Lakini midomo yake ilikuwa ndiyo kwanza inatulia, kama ya mtu anayeujua wimbo.

"Imesoma," alisema.

"Imesoma," alisema Mwalimu. "Lenzi ilikuwa chafu."

Msichana alitazama kioo, ambako Mzee alikuwa bado ameshika kofia yake. Aliitazama kwa muda mrefu. Kibarazani mteja alikohoa.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "wewe husemi 'mikono zangu'."

Mwalimu alisimamisha picha kwenye kioo.

"Siku ya kwanza mimi nilisema 'viatu zangu', ukaweka kikombe chini. Sijasahau. Nikajifunza. Nikajifunza mpaka nikaanza kuwasahihisha wateja. Halafu siku moja nikaiweka hii sidii kwa jirani niitazame tena, akafika hapo, 'mikono zangu', nikasema..." Alikigeuza kitana mkononi. "Nikasema, basi huyu mama hakusema. Ni baba tu, alinionea huruma. Nikaendelea kutazama mikono hivyo hivyo, maana nilishazoea. Lakini siku zote nilitaka nikuulize. Ni kweli ulimtuma?"

Ukweli ulikuwa neno moja, nao ulikuwa tayari mdomoni. Mwalimu alikuwa amejisifia ukweli maisha yake yote. Watoto walilia kwa ajili ya ukweli wake, wazazi waliwahamisha shule. Na mbele yake mwanamke aliyekaa naye nyumba moja, akala karipio lake asubuhi na jioni, alikuwa anasubiri neno hilo huku macho yake yameanza kuteremka, taratibu, kuelekea mikononi.

"Sikusema hivyo," Mwalimu alisema. "Hata ningefungwa kamba nisingesema hivyo."

Msichana alitikisa kichwa kukubali. Kitana kilikuwa kimemlegea vidoleni.

"Nilisema 'mikono yangu'," alisema Mwalimu kwa ukali. "'Mikono yangu ndiyo itakayomwambia.' Nilimkaririsha pale mlangoni akiwa anavaa viatu, nikamwambia arudie, akarudia vizuri. Lakini mume wangu hakuwahi kuishika ngeli hata siku moja. Akaenda akaniharibia maneno yangu mbele ya watu. Na haiitwi sidii. Rudisha nyuma hapo, tumsikilize tena anavyokosea."

Mkamwana hakumtazama usoni. Alitazama mikono, kama alivyoagizwa. Ilikuwa inamvutia kiti.